Kuhamia Dar es Salaam kutoka Kenya: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nilitoka Nakuru kuja Dar es Salaam mwaka 2018 na masanduku mawili, godoro lililofungwa kwa kamba, na dhana kwamba nakwenda hapo tu, kwa jirani. Tangu hapo binamu zangu, marafiki wa binamu, na watu nisiowajua kabisa wamekuwa wakinitumia maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Yanamlenga Mkenya anayekuja kuishi, si anayekuja kupunga upepo wiki moja arudi. Mganda na Mrundi nao watapata la kuwafaa, ila sehemu ya hati wathibitishe kwanza upande wao.

Kiswahili nakijua, pesa ni shilingi, M-Pesa ipo. Nijiandae kwa lipi?

Kwa hayo hayo uliyoyataja. Anayehamia Guangzhou hujiandaa kwa sababu kila kitu ni kigeni. Anayekuja Dar anasikia Kiswahili, anaona magari upande wa kushoto, saa haibadiliki hata dakika, basi analegea. Kumbe shilingi si ile, M-Pesa si ile, na Kiswahili chenyewe si kile. Makosa yangu yote ya mwaka wa kwanza yalitokana na vitu vilivyofanana na vya nyumbani. Vile vya kigeni kabisa, kama kupanda pantoni (kivuko cha majini), nilivimudu tangu siku ya kwanza maana niliuliza.

Nahitaji viza? Kitambulisho kinatosha?

Viza huhitaji. Pasipoti unaihitaji. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mwaka 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho, lakini Tanzania haikuwamo, na kila msimu wa likizo kuna mtu anayerudishwa Namanga kwa kutojua hilo. Beba pia kadi ya njano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo unaweza kuulizwa cheti cha chanjo, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa. Usichanjwe asubuhi ya safari.

Ukigongewa muhuri, usifunge pasipoti kabla ya kusoma siku ulizopewa. Muhuri huo ni wa kutembea na kusalimia ndugu. Kazi haimo.

Kibali cha kazi nakipataje?

Ni vibali viwili, na watu huvichanganya. Kwanza ni kibali cha kazi, kinachotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia. Pili ni kibali cha ukaazi, kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Cha ukaazi kina madaraja: A kwa mwekezaji na aliyejiajiri, B kwa aliyeajiriwa, C kwa wanafunzi, watafiti na makundi mengine. Wengi wetu huingia kwa B, na hapo mwombaji ni mwajiri wako. Yeye ndiye anayepaswa kueleza kwa nini kazi hiyo hakupata Mtanzania wa kuifanya.

Kibali hutaja mwajiri na kazi. Ukihama kampuni, unaanza upya. Kwa kawaida hutolewa kwa miaka miwili na huongezwa, lakini hakiendi milele. Panga maisha yako ukijua kuna ukomo wa miaka mitano hivi.

Sasa la moyoni. Mwajiri wangu wa kwanza aliniambia, "Dada, njoo uanze, karatasi zitafuata." Karatasi hazikufuata. Nilikaa miezi mitatu nikiruka kila nilipoona gari la serikali limeegeshwa nje ya ofisi, na mwisho nilirudi Nakuru kusubiri kama nilivyopaswa kusubiri tangu mwanzo. Usiache kazi Kenya kabla hujaona nakala ya kibali chenye jina lako. Na kabla ya kuondoka tafuta cheti cha tabia njema na nakala za vyeti vya shule zilizothibitishwa. Ni rahisi kuvipata ukiwa nyumbani kuliko kumsumbua mdogo wako akupangie foleni.

Mimi sitaki kuajiriwa. Nataka kufungua saluni, au kibanda cha M-Pesa, au duka.

Kaa kitako. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayomkataza asiye raia kufanya biashara za aina 15. Zimo huduma za kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni (isipokuwa ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii), kuongoza watalii, uchimbaji mdogo wa madini, udalali wa nyumba, kununua mazao shambani, na rejareja na jumla kwa sehemu kubwa, ukiacha supamaketi. Ukikutwa, faini haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na kibali chako kinafutwa.

Najua unachofikiria, kwa sababu kila anayeniuliza hufikia hapo: "Nitaandikisha kwa jina la shemeji yangu Mtanzania." Amri imeliona hilo. Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana faini yake ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Usimtie shemeji matatani kwa ajili ya kiti cha kusukia nywele.

Malalamiko yalikuwa mengi upande wa Kenya, watu wakitaja soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mimi naona walikuwa na hoja. Lakini hoja haikulindi dukani askari akiingia. Kama una mtaji wa kweli, nenda kwa mwanasheria wa hapa na uzungumzie uwekezaji na daraja A.

Shilingi yangu itabadilika vipi?

Tangu mwaka 2023 shilingi moja ya Kenya imekuwa ikipanda na kushuka kati ya 16 na 21 za Tanzania. Siku ya kwanza utajiona tajiri: umebadilisha 20,000 ukapewa bunda. Siku ya tatu bunda limekwisha na hujui lilikokwenda, maana hujazoea kuuona mkate ukiuzwa kwa maelfu. Kwa mwezi wa kwanza, kila bei igawe kwa 20 kichwani kabla hujatoa noti.

Mtaani hawatasema elfu moja. Watasema buku. Mia tano ni jero. Elfu kumi ni msimbazi, kwa wekundu wa noti na wekundu wa klabu ya Simba ya mtaa wa Msimbazi. Mtu akikuambia "buku mbili jero" anataka 2,500.

Na usije na dola ukidhani ndizo zitakazolipia nyumba ya Masaki kama zamani. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni. Mkataba wa kodi uwe kwa shilingi.

M-Pesa yangu ya Safaricom itafanya kazi?

Jina ni moja, nyumba ni mbili. Ya huku ni ya Vodacom na wakala wa Kariakoo hawezi kukutolea pesa ya laini ya Safaricom. Unaweza kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda ya Tanzania, huduma hiyo ipo tangu 2015, ila angalia makato na kiwango cha kubadilishia. Sajili laini ya hapa mapema kwa pasipoti na alama za vidole. Ukisikia watu wakisema Tigo, ni mtandao ambao tangu Novemba 2024 unaitwa Yas. Midomo bado haijazoea.

Laini ya Kenya usiitupe. Benki yako, KRA na eCitizen vyote vinaitafuta.

Nyumba natafutaje, na ni kweli watu hulipa miezi 6?

Ni kweli, na wengine hudai mwaka mzima. Hapa ndipo bajeti ya Mkenya hufia. Nyumbani tumezoea kodi ya mwezi na amana ya mwezi. Dar mwenye nyumba anataka miezi 6 mkononi, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja juu yake. Mwaka 2018 nilichukua chumba na sebule Sinza kwa 250,000 kwa mwezi. Nilidhani nahitaji laki tano za kuanzia. Nilihitaji milioni moja na laki saba na nusu, karibu 80,000 za Kenya wakati ule, kabla sijanunua hata ndoo.

Siku hizi wapo wanaokubali miezi mitatu, hasa nyumba ikiwa imekaa wazi muda mrefu. Omba. Omba kwa adabu na mbele ya mama mwenye nyumba mwenyewe, si kupitia dalali, kwa sababu dalali hana faida ya kukupunguzia.

Maneno yatakayokusaidia: nyumba ya chumba kimoja chenye choo na bafu ndani ni "masta" au "self", neno la bedsitter halitakufikisha mbali. "Chumba na sebule" ndicho kinachofuata. "Nyumba nzima" ni nyumba yenye ua wako. "Uswahilini" ni mitaa iliyobanana ambako jirani anajua ulichopika, "ushuani" ni kwa wenye nazo. Dalali pia atakutoza pesa kidogo ya kukuonyesha, hata nyumba usipoipenda. Kubaliana naye kabla hujapanda bajaji.

Kabla ya kulipa, uliza haya na usione haya. Luku ni yako peke yako, au mnachangia na wapangaji watatu? Luku ni mita ya umeme wa kulipia kabla ya kutumia, na kugawana luku na mtu mwenye friji mbili ni chanzo cha ugomvi usiokwisha. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, yanatoka siku ngapi kwa wiki, na simtanki ni la lita ngapi? Kisima kikiwapo, onja maji yake. Mitaa mingi ya karibu na bahari maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu na chai inakuwa kama machozi. Madirisha yana nyavu? Upepo unaingia upande gani?

Na nenda ukaione nyumba siku ya mvua, au uliza muuza genge (kibanda cha mboga) wa jirani maji hufika wapi wakati wa masika. Bonde la Msimbazi hufurika, barabara ya Jangwani hufungwa, na mwenye nyumba hana sababu ya kukueleza hayo Januari jua likiwaka.

Ukishahamia, jitambulishe kwa mjumbe (si mbunge kama kwetu, ni kiongozi wa nyumba kumi) na ofisi ya serikali ya mtaa. Hili kwetu mjini halipo sana, nami nililipuuza mpaka nilipohitaji barua ya utambulisho na mwenyekiti akaniuliza kwa upole, "Mama, umeishi hapa miezi minane bila kutusalimia?"

Mtaa gani unafaa?

Anza na ofisi yako, kisha chora mstari usiovuka foleni. Ukifanya kazi Posta, katikati ya jiji, na ukaishi Tegeta kwa sababu nyumba ni nzuri, utaiona nyumba hiyo usiku tu. Masaki na Oysterbay ni ghali na tulivu. Mikocheni, Kijitonyama na Sinza ni katikati ya mambo na wapangaji wengi wa kipato cha kawaida huishia huko. Mimi nilikaa Sinza miaka minne sikujuta, ukiacha muziki wa Ijumaa. Upanga ni karibu na mjini na hospitali ya Muhimbili. Mbezi Beach na Kawe zina upepo wa bahari. Kigamboni ina viwanja, ufukwe na hewa, lakini maisha yako yatapangwa na pantoni ya Magogoni au na Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016 na ambalo gari hulipia kulivuka.

Joto lenyewe likoje?

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Dar iko sawa na bahari. Kuanzia Desemba mpaka Machi, wakati wa kaskazi, mchana hufika nyuzi 32 hivi na usiku haushuki sana chini ya 25, na jasho halikauki kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Wiki tatu za kwanza utalala mchana bila kukusudia. Si uvivu. Mwili unajifunza.

Kisha mvua za masika, Machi mpaka Mei, halafu kusi inavuma na Juni mpaka Agosti unapata jiji zuri kabisa: usiku nyuzi 19 au 20, wenyeji wamevaa masweta, wewe umevaa fulana na unacheka. Ukiweza kuchagua mwezi wa kuhamia, chagua Juni. Vuli hurudi Oktoba mpaka Desemba, na joto nyuma yake.

Feni ni muhimu kuliko kiyoyozi. Kiyoyozi hula luku kama nzige. Nunua feni nzuri ya kusimama, lala chini ya neti, oga mara mbili, na kunywa maji kabla ya kiu.

Nibebe nini, niache nini?

Acha blanketi zito, koti la ngozi na viatu vya ngozi ulivyovipenda. Ngozi huota ukungu kabatini ndani ya mwezi. Acha pia redio, pasi na birika la bei rahisi, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma. Nilileta rafu ya vitabu ya chuma ikavuja kutu mpaka sakafu ikachoka. Vitabu vyenyewe weka mbali na ukuta, mchwa na unyevu havisomi lakini vinamaliza kurasa.

Beba nguo za pamba, shuka nyepesi, dawa zako za miezi mitatu na barua ya daktari, miwani ya akiba na hati asili za ndoa na za watoto. Vitenge na kanga usibebe. Kariakoo ipo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea iache mpakani. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, kwa hiyo hili angalau hatutofautiani.

Malaria?

Usiwe na ujasiri wa mtu wa nyanda za juu. Waliokulia Nakuru, Nairobi, Nyeri au Eldoret hawana kinga ambayo mtoto wa pwani huipata kwa kuumwa mara kwa mara. Homa ikikushika, usimeze kidonge ukangoja kesho. Nenda ukapimwe siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 15 au 20, na dawa ya mseto ipo kila mahali. Mimi nilingoja siku mbili mwaka 2019 nikidhani ni uchovu wa joto. Nilizinduka nimewekewa dripu.

Kipimo kikisema huna malaria na bado mifupa inauma na macho yanauma kwa nyuma, mwambie daktari neno dengi. Dar imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Mbu wake huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku haikuokoi, na ukishuku dengi usinywe aspirini wala ibuprofeni, kunywa paracetamol na umwone daktari. Mwaga maji kwenye visahani vya maua na matairi ya uani.

Kiswahili changu cha Nairobi kitaeleweka?

Kitaeleweka, na hapo ndipo kazi inapoanza, maana wataelewa usichokusudia.

La kwanza ni sauti. "Nipe chai" ya Nakuru ni sentensi ya kawaida. Dar ni amri ya bwana kwa mtumwa. Sema "naomba chai", hata kama unalipia, hata kama una haraka. Wiki zangu za kwanza wauzaji walikuwa wakinihudumia mwisho na sikuelewa kosa langu mpaka binti mmoja wa genge aliponiambia, "Dada Mkenya, wewe unagomba hata ukinunua nyanya."

La pili ni salamu. Usiingie dukani ukataja bei. Mtu aliyekuzidi umri ni "shikamoo", naye atajibu "marahaba", kisha ndipo biashara. Watoto watakusabahi wewe shikamoo na usiangue kicheko kwamba umezeeka, itikia. Konda ni kaka au anko, muuza mboga ni mama, mlinzi mzee ni baba.

La tatu ni maneno. Mume wangu aliponifuata aliwaambia majirani, "Bibi yangu anafanya kazi Posta." Kwetu bibi ni mke. Kwao bibi ni mama wa mzazi. Kwa wiki nzima watu walimhurumia ajuza huyo anayepanda daladala kila alfajiri, mpaka nilipotokeza mlangoni. Nyanya kwao ni ya kukaangia tu, haina wajukuu. Stima ni umeme. Ndengu zako hapa ni choroko, na ukiomba dengu utapewa kitu kingine. Dania ni giligilani. Githeri ni makande. Tuktuk ni bajaji. Mboga ni chochote kinacholiwa na ugali au wali, kwa hiyo mtu akikuambia "leo mboga ni nyama" hajachanganyikiwa.

Sheng iache kwa simu za nyumbani. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba hakuna atakayeijibu.

Kula je?

Hutakufa njaa, utanenepa. Wali wa nazi, maharage, kisamvu, matembele, samaki kibua na changu, na kwa mama ntilie sahani inashiba kwa bei ndogo. Chipsi mayai, wenyewe wanaita zege, ndiyo chakula cha usiku cha nusu ya jiji. Jioni Coco Beach kuna mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi, na pweza wa kuchemsha anayekatwa vipande mezani. Nyama ikiitwa kitimoto, jua ni nguruwe.

Kwa samaki wabichi, nenda Soko la Feri asubuhi na mapema, na uende na mwenyeji mara ya kwanza. Chakula usikiache wazi barazani: kunguru wa Dar, wageni kama sisi, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, hushuka mezani bila salamu.

Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya mitaani hufunga mchana. Wasio Waislamu hula, lakini kwa staha, ndani. Kisha jua likizama utaalikwa futari na majirani usiowajua majina, na tambi zile sijawahi kuziona Nakuru.

Usafiri?

Daladala huandikwa njia mbele na rangi ya ubavuni hukuambia inakokwenda. Kushuka, paza sauti: "Konda, Bamaga shusha!" Ukinong'ona utafika Mwenge. Mwendokasi, mabasi yenye njia yao yaliyoanza 2016 kati ya Kimara na mjini, huruka foleni, ila asubuhi unabanwa mpaka unajua jirani alikula nini. Simu weka mfuko wa mbele.

Kwa safari za bara, treni ya umeme ilianza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma mwezi uliofuata. Ukiwa na shughuli za wizara, utaipanda, kwa sababu ofisi nyingi za serikali zimehamia Dodoma. Mkenya aliyezoea SGR ya Mombasa atataka kulinganisha. Alinganishe kimya.

Nije na gari langu?

Nashauri usije nalo. Kuingia nalo kwa muda inawezekana, kwa kibali cha forodha na bima ya kadi ya njano ya COMESA, lakini siku zikiisha ni lirudi au lilipiwe ushuru kama lililotoka Japani jana. Uza, nunua la hapa. Na ukiendesha kutoka Namanga au Horohoro, ukiona nyumba tatu kando ya barabara shuka mpaka 50. Askari wenye tochi ya kupimia mwendo wamekaa chini ya mwembe na hawana haraka.

Shule za watoto?

Shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, za binafsi nyingi kwa Kiingereza. Mtaala si wa Kenya. Mwaka wa shule huanza Januari kama kwetu, kwa hiyo hamisha Desemba, si katikati ya muhula, na mwulize mwalimu mkuu kabla hujalipa mtoto ataingizwa darasa la ngapi.

Nafanya kazi kwa mtandao. Intaneti inategemeka?

Siku nyingi ni nzuri, faiba ipo mitaa mingi, na umeme umetulia kuliko nilipofika. Lakini uje ukijua: mtandao wa X ulizuiwa Mei 2025, VPN zinatakiwa kusajiliwa kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na Dar ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Mteja wangu wa Nairobi alidhani nimefariki. Mwambie mwajiri wako mapema kwamba jambo kama hilo linawezekana. Na siasa za hapa, mgeni mwenye kibali azisome magazetini. Kibali hufutwa kwa kalamu moja.

Bahari nitaiona lini?

Kila mtu huuliza hili mwanzo, nami huliweka mwisho kwa sababu mwaka wangu wa kwanza niliiona mara sita. Kuishi Dar ni foleni na luku kama kwingine.

Ukipata nafasi, usiende tu. Uliza maji. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake zaidi ya mita 3, na Coco Beach unaweza kukuta mawe na majani matupu, au ukakuta bahari imefika ukutani na mkondo unavuta. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yasiyo na makeke. Wavuvi wanalijua hili kwa vidole, mwulize mmoja. Karibu na mjini na midomo ya mito baada ya mvua sishauri kuogelea, maji machafu ya jiji huishia humo. Vuka Kigamboni, au panda boti kwenda Mbudya au Bongoyo, visiwa vya hifadhi, ubebe kofia na maji ya kunywa. Ukienda Zanzibar kwa boti ni saa mbili hivi, na pasipoti utaulizwa ingawa hujatoka Tanzania.

Nibebe majani ya chai?

Beba. Ukiagiza chai mgahawani bila maelezo utaletewa ya rangi, nyeusi, na tangawizi. Ya maziwa ipo lakini ni lazima uitaje, na ladha ya Kericho haimo. Mimi hubeba kilo tatu kila Desemba. Mbili ni zangu, ya tatu ni ya mama mwenye nyumba, ambaye tangu mwaka wa pili anapokea kodi kwa miezi mitatu.